Saa ndogo za ufunguo: jinsi ya kuanza kuzikusanya ukiwa Uganda

Maswali ni yale yale matatu. "Nimerithi saa ya babu, nikiitia ufunguo haitembei, je, nimeikaza kupita kiasi?" "Nitie mafuta gani?" "Kampala nitazipata wapi?" Nimeyajibu kwa simu, barazani baada ya swala, hata kwenye matanga. Sasa nayaandika mahali pamoja, ili anayeanza asiharibu saa yake ya kwanza kama wengi walivyoharibu zao.

Ninazungumzia saa ndogo za mezani, zile zinazoenea kiganjani na kuendeshwa kwa kamani, yaani springi inayokazwa kwa ufunguo, badala ya betri: saa za kengele za kuamshia watu, na saa za safari zinazokunjwa ndani ya kijumba cha ngozi. Nyumba nyingi za Uganda zilikuwa na moja. Iliamsha watu kula daku, iliamsha karani wa reli, iliamsha mwalimu aliyetembea maili tatu hadi shuleni. Umeme ukikatika haikujali. Simu ya mkononi ilipofika, saa hizi ziliingia kabatini, na kutoka kabatini zikaingia kwenye gunia la vyuma chakavu. Ndiyo maana naona uharaka.

Kabla ya yote, shika neno hili: saa isikilize kabla ya kuifungua. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Vitu vya kuwa navyo

- Kioo cha kukuzia, hata kile cha kusomea maandishi madogo.
- Tochi ndogo. Ya simu inatosha, ila usiilaze simu yenyewe juu ya saa, sababu nitaieleza.
- Brashi laini ya kupaka rangi, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi.
- Kipulizio cha mpira cha kupulizia vumbi.
- Vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi. Fulana kuukuu iliyofuliwa inafaa.
- Vijiti vya meno vya mbao.
- Bisibisi bapa ndogo mbili au tatu, zenye ncha iliyonyooka. Hizi ni za baadaye.
- Daftari na kalamu.

Hukuona mafuta kwenye orodha. Mwezi wa kwanza huyahitaji, na kuyanunua mapema ni kujitia kishawishini.

1. Amua unataka nini

Anza na saa ya kengele ya kawaida, inayotiwa ufunguo kila siku. Mafundi huiita ya saa 30, kwa kuwa ikijazwa leo asubuhi itafika kesho asubuhi na kubakiza kidogo. Zile za siku nane ni tamu zaidi, lakini kamani yake ina nguvu zaidi na bei yake iko juu.

Majina utakayokutana nayo: Smiths ya Uingereza, Westclox ya Marekani (ambayo ilikuwa na kiwanda Scotland pia, na saa yake ndogo inayotafutwa sana ni Baby Ben), Junghans na Kienzle za Ujerumani, Jaz ya Ufaransa, Slava ya Moscow, na Diamond ya Shanghai. Usidharau ya Shanghai. Zimetengenezwa nyingi, zinarekebishika, na mtu aliyejifunzia kwazo hatetemeki anaposhika Junghans.

Kwa maoni yangu, mgeni asinunue zaidi ya saa tatu kabla hajaifahamu vizuri ya kwanza. Nimewaona watu wenye saa arobaini kwenye rafu na hawajui hata moja inapiga mlio gani.

2. Jua pa kutafuta

Katika soko la Owino, Kampala, zipo, lakini si kwenye mitumba ya nguo. Tafuta wale wanaouza vyuma, redio za zamani, pasi za makaa na vyombo vya jikoni vilivyotumika. Pita pia kwa mafundi saa wanaokaa barazani mwa maduka katikati ya jiji na visanduku vyao vya kioo. Wengi siku hizi hubadilisha betri tu, lakini waulize kuhusu sanduku la chini ya meza. Humo mna saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, na mna vipuri.

Nje ya Kampala, jaribu Jinja. Pale palikuwa na maduka mengi ya Waasia, na walipofukuzwa nchini mwaka 1972 familia ziliondoka na mizigo michache sana. Vyombo vya nyumbani vilibaki na kupita mikononi mwa watu wengi. Ukiletewa saa ya namna hiyo, uliza kwa heshima na uandike unachoambiwa. Ile saa ina mwenyewe, hata kama hutamjua.

Bombo, Entebbe, Busia, popote palipokuwa na askari, makarani au mafundi wa reli, zipo majumbani. Huko usiende kama mchuuzi. Nenda na mtu anayefahamika, salimu, keti, kunywa chai. Bibi mmoja wa Bombo alinikatalia saa yake mara mbili. Mara ya tatu sikuitaja kabisa. Tulizungumza habari za marehemu mumewe, aliyekuwa jeshini. Nilipoaga akaniambia, "Mwanangu, ichukue, lakini uitie ufunguo. Mzee hakupenda ikae kimya." Sikuilipia. Mpaka leo huitia ufunguo kila Ijumaa.

3. Ikague pale pale

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo usiharakishwe na muuzaji.

Kwanza hakikisha ni ya ufunguo kweli. Kuna saa mpya zenye kengele mbili kichwani, zilizotengenezwa zifanane na za zamani, lakini ndani zina betri. Geuza nyuma: saa ya ufunguo huwa na funguo mbili za kuzungusha, moja ya mwendo na moja ya kengele, isipokuwa chache zinazotumia kamani moja kwa kazi zote mbili. Kama ina akrabu ya sekunde, itazame. Ya betri kwa kawaida hurukaruka mara moja kila sekunde. Ya ufunguo husogea kwa vipigo vidogo vya haraka.

Kisha jaribu ufunguo. Zungusha nusu mzunguko mara mbili tu, taratibu. Unapaswa kusikia "krrr" ya meno na kuhisi mkazo ukiongezeka. Usiijaze sokoni. Kikwamizo, yaani kijino kinachozuia ufunguo usirudi nyuma, kikiwa kimelika, kamani iliyojaa inaweza kuurudisha ufunguo nyuma kwa nguvu na kukuumiza vidole.

Shika saa wima, izungushe kiganjani kama unayefungua na kufunga mfuniko wa chupa, kwa upole. Gurudumu la mizani, lile linaloyumba na kupima mwendo wa saa, likiwa zima litaanza kwenda na kurudi. Sasa lete sikioni. Unatafuta "tik-tak" zenye nafasi sawa. Ukisikia "tik-tak ... tik-tak", kama mtu anayechechemea, ina kasoro ya kurekebishika. Ukisikia mlio ukififia na kufa, ina uchafu au imelika.

Wauzaji wanajua kwamba saa ikitikiswa hutembea dakika kadhaa. Kwa hiyo iache mezani ikiwa imesimama wima, uende kula rolex ya chapati na mayai, urudi baada ya dakika ishirini. Kama bado inatembea, zungumza bei.

Tazama uso kwa kioo cha kukuzia. Uso uliochujuka kwa miaka ni mzuri. Uliopakwa rangi upya na mtu asiye fundi umeshuka thamani. Angalia kama akrabu zinafanana umbo, maana nyingi zimekopeshwa kutoka saa nyingine. Angalia vichwa vya skrubu nyuma: vikiwa vimechubuliwa, mtu amewahi kuifungua kwa kisu.

Maandishi madogo chini ya namba 6 hukusaidia kukisia umri. "West Germany" inakupeleka kati ya 1949 na 1990. "USSR" ni kabla ya mwisho wa 1991. "Occupied Japan" ni miaka michache baada ya vita, kabla ya 1952 kuisha. Ukiona "jewels" pamoja na namba, hayo ni mawe magumu yanayobeba ncha za magurudumu. Saa nyingi za kengele za bei nafuu hazina hata moja, na bado zimetembea miaka hamsini.

Onyo kuhusu rangi inayong'aa. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kumalizika zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi hatari, kwenye akrabu na namba, ili zionekane gizani. Rangi hiyo mara nyingi imegeuka kahawia na haing'ai tena. Usidanganyike: kilichokufa ni kemikali inayotoa mwanga, ilhali radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Miaka ya 1920, wasichana waliokuwa wakiipaka rangi hii katika viwanda vya Marekani walichonga ncha ya brashi kwa midomo, wakaugua vibaya, na baadhi yao wakafa. Saa ya namna hii usiifungue, usiikwangue, usiiweke kitandani wala mikononi mwa watoto. Nawa mikono ukiishika. Usizirundike nyingi ndani ya kabati lililofungwa, kwa sababu radiamu hutoa gesi yenye mionzi. Ziweke penye hewa. Ikiwa kioo kimevunjika na rangi inapukutika, iache kwa muuzaji, hata akikupa bure.

4. Patana bei, uliza habari

Sema bei yako kwa adabu, na usiitukane saa ili ipunguzwe. Mzee anayeuza saa aliyoamkia miaka thelathini anasikia. Uliza: ilinunuliwa wapi? Nani aliitumia? Iliacha kutembea lini? Majibu haya hayapatikani tena ukishaondoka.

5. Isafirishe kama mayai

Ncha za gurudumu la mizani ni nyembamba, na pigo moja la shimo barabarani linaweza kuzipinda. Ukiwa kwenye bodaboda, ifunge kwa sweta na uiweke kifuani, usiifunge kwenye kiti cha nyuma. Kwenye teksi ipakate.

6. Safisha nje tu

Siku ya kwanza usiitie ufunguo. Puliza vumbi, hasa kwenye matundu ya nyuma. Vumbi letu jekundu ni la kusaga na likiingia kwenye mafuta huwa kama msasa. Piga brashi ukiielekeza saa chini ili uchafu udondoke nje, usiingie ndani. Futa kasha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji na sabuni ya vyombo, kisha kikavu.

Kosa linalonisikitisha kuliko yote ni la dawa ya kung'arisha shaba. Makasha mengi yamepakwa vanishi au nikeli, na dawa hiyo huila hadi chini. Tena mabaki yake meupe hujaa kwenye maungio na hayatoki. Mng'ao mdogo wa umri ni sehemu ya saa.

Kioo cha plastiki chenye mikwaruzo mepesi sugua kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa, polepole, uangalie isipenye pembeni.

7. Itie ufunguo na uisikilize

Soma mishale iliyochorwa mgongoni. Ufunguo umeshikwa kwa hesi, kwa hiyo ukiuzungusha upande usio wake utafunguka na kubaki mkononi. Si balaa, urudishe na uzungushe upande sahihi.

Zungusha taratibu, ukihesabu mizunguko, hadi uhisi umegota. Hapo acha. Sasa nijibu lile swali la kwanza: hakuna saa iliyokufa kwa sababu ilijazwa ufunguo mpaka mwisho. Kamani imetengenezwa ijae. Saa iliyojaa na haitembei imezuiwa na mafuta yaliyoganda na uchafu, na ndiyo maana mtu hukuta ufunguo umegota. Alaumiwaye kwa kuikaza hana kosa. Kosa ni la miaka ishirini bila kusafishwa.

Iweke mezani usiku, zima redio, keti nayo robo saa. Nasema kwa dhati, huku ndiko kukusanya saa. Junghans yangu ina mlio mkavu kama kokoto mbili. Diamond hupiga kwa sauti nene inayovuma ikiwekwa juu ya meza ya mbao, na hunyamaza ukiitandikia kitambaa. Ukizoea mlio wa saa yako ikiwa nzima, siku ikianza kuugua utajua kabla akrabu hazijakwambia.

Kutega kengele: zungusha kitufe chake upande wa mshale tu, kwa nyingi ni kinyume cha mwendo wa saa. Usirudishe akrabu za mwendo nyuma kwa nguvu, hasa karibu na wakati wa kengele. Kumbuka uso una saa kumi na mbili: ukitaka daku ya saa kumi alfajiri, akrabu ya kengele iwe kwenye 4, na utege usiku, si mchana, la sivyo italia saa kumi jioni. Ikikosea dakika kumi ni kawaida, kengele hizi hazikuumbwa kwa usahihi zaidi ya huo.

8. Rekebisha mwendo

Linganisha na saa ya simu, kila siku muda ule ule, baada tu ya kutia ufunguo. Fanya hivyo siku tatu kabla ya kugusa chochote. Nyuma utaona mwanya wenye kijiti kidogo. Alama zake hutofautiana: F na S kwa Kiingereza, A na R kwa Kifaransa, au + na −. F, A na + huharakisha. S, R na − huchelewesha. Sogeza kijiti kidogo mno, kama unene wa ukucha, kisha subiri siku nzima. Wanaoanza hukisogeza mara tano kwa siku na mwisho hawajui walikotoka.

Usitafute ukamilifu. Siku ina sekunde 86,400. Saa inayokosea dakika mbili kwa siku imekosea chini ya sehemu mbili katika elfu, na hiyo ni chuma na shaba tupu, bila umeme, imetoka kiwandani kabla wengi wetu hatujazaliwa. Dakika mbili mimi naziridhia.

9. Iandike

Ukurasa mmoja kwa kila saa: jina, maandishi ya usoni na mgongoni, ulikoipata, aliyekuwa nayo, siku ulipoinunua, inakimbia au inachelewa kiasi gani. Piga picha ya nyuma pia.

10. Itunze

Mbali na dirisha la jua. Mbali na jiko. Mbali na spika na simu, kwa sababu sumaku yake hugandisha springi nyembamba ya mizani. Karibu na ziwa, na misimu ya mvua, unyevu ndio adui: weka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Saa zisizotumika zitie ufunguo kidogo mara moja kwa mwezi.

Ikikusumbua

*Imejaa ufunguo, haitembei.* Uchafu. Inahitaji fundi aifungue na kuiosha. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu, usidondoshe mafuta ya kupikia, na usiweke pamba yenye mafuta ya taa ndani ya kasha kama wazee walivyofanya. Itatembea wiki, kisha mabaki yataganda kuliko mwanzo. Na pamba ya mafuta ya taa ndani ya nyumba ni hatari ya moto.

*Inasimama saa ile ile kila mara.* Akrabu zinagusana, au zinagusa kioo. Tazama kwa upande ukiwa na tochi.

*Inatembea ikilazwa, ikisimamishwa inakufa.* Ncha za mizani zimelika. Ya fundi.

*Ufunguo unazunguka bila kugota.* Kamani imekatika au imechomoka mwisho wake.

*Ghafla inakimbia robo saa kwa saa moja.* Mizunguko ya springi nyembamba imeshikana, kwa sumaku au kwa tone la mafuta. Hapa ndipo yule aliyetia mafuta mwenyewe hugundulika.

*Kengele hailii.* Kabla ya kulia wewe, angalia kitufe cha kuzimia juu, kisha ufunguo wa kengele, ambao watu husahau kuutia.

*Unataka kufungua ndani mwenyewe.* Kwa saa isiyo na radiamu tu, na iwe ya Diamond mbovu uliyoinunua kwa kujifunzia, na kwa mara ya kwanza ukiwa na fundi kando yako. Katika saa nyingi za kengele kamani iko wazi, haimo ndani ya kopo. Isipolegezwa kwanza, ukitoa skrubu za bamba itafumuka mara moja, na imewakata watu vidole.

Na unapompelekea fundi, mwambie kabla hajaigusa: asibadilishe akrabu, asipake uso rangi, asiweke mtambo wa betri, na kila kipuri atakachotoa, hata kilichovunjika, akutilie kwenye bahasha. Andika maneno hayo kwenye karatasi na uifunge kwenye saa kwa uzi.